Nimeombwa kuwaelimisha wazazi kuhusu kupe na ugonjwa wa Lyme: niseme nini katika nusu saa?

SWALI: Naishi Pennsylvania, Marekani, na watoto wangu wawili wanasoma shule iliyopakana na msitu. Kamati ya wazazi imeniomba niandae kipeperushi cha ukurasa mmoja na mazungumzo ya nusu saa kuhusu kupe na ugonjwa wa Lyme kabla ya majira ya joto. Mimi si mtu wa afya. Kila ninayemuuliza ananipa lake: mmoja anasema kupe huwadondokea watu kutoka mitini, mwingine anasema kupe achomwe kwa kiberiti ndipo atoke, wa tatu anasema bila duara jekundu mwilini hakuna Lyme. Niseme nini hasa, na nini nikiache?

JIBU: Dada, yote matatu uliyoambiwa si kweli, na hilo la tatu ndilo linaloumiza watu zaidi. Nitafika huko. Ila kabla hujaandika neno lolote, jiulize: ukurasa huu unamtaka mzazi afanye nini jioni ya leo? Vipeperushi vingi vya Lyme huanza na jina la bakteria, hufuata na orodha ndefu ya dalili, na humalizia kwa picha ya kupe iliyokuzwa hadi ukubwa wa kiganja. Mzazi anaondoka na hofu, lakini hajui mkono wake auanzie wapi. Ningekuwa mimi, ukurasa mzima ungejengwa juu ya agizo moja: mtoto akaguliwe kila jioni, na kupe aliyejishikiza atolewe siku hiyo hiyo. Mengine yote yanalitumikia hilo.

Sababu iko ndani ya tumbo la kupe. Bakteria wa Lyme, Borrelia burgdorferi, hukaa utumboni mwake akisubiri mlo. Kupe anapoanza kunyonya damu ya moto, bakteria huzaliana, hubadilisha protini za gamba lake la nje, hupenya ukuta wa utumbo na kusafiri hadi kwenye tezi za mate. Akishafika huko ndipo anapoweza kumwingia mtu. Safari hiyo ina muda wake. Kwa kupe wa Marekani, kwa kawaida maambukizi huhitaji awe amejishikiza zaidi ya saa 24. Kwa hiyo mzazi anayemkuta kupe mwilini mwa mtoto jioni hajachelewa, amewahi. Lieleze hili mapema katika mazungumzo yako, kwa sababu ndilo linalomfanya mtu aone kwamba ukaguzi una faida.

Kupe mwenyewe, na kwa nini haonekani

Kupe anayeeneza Lyme mashariki mwa Marekani na katika majimbo ya kaskazini ya kati ni Ixodes scapularis, kupe mwenye miguu myeusi. Pwani ya Pasifiki yuko ndugu yake, Ixodes pacificus, na Ulaya ni Ixodes ricinus. Maisha yake ni ya takriban miaka miwili na hula mara tatu tu: akiwa lava mwenye miguu sita, akiwa kupe mchanga mwenye miguu minane, na akiwa jike aliyekomaa. Lava huanguliwa akiwa hana bakteria wa Lyme. Humpata katika mlo wake wa kwanza, mara nyingi kwa panya miguu-myeupe au mnyama mwingine mdogo wa msituni. Kulungu, ambao watu huwalaumu, humlisha kupe aliyekomaa na hivyo kuongeza idadi ya kupe, lakini si wao wanaompa bakteria. Ndiyo maana hatari haipo tu pale kulungu wanapopita. Ipo popote panya anapoishi, pamoja na rundo la kuni nyuma ya nyumba na ukuta wa mawe uliofunikwa na majani.

Anayeambukiza watu wengi zaidi ni kupe mchanga. Kupe aliyekomaa ana ukubwa wa punje ya ufuta. Mchanga hafiki hata nusu yake. Hana maumivu, hawashi, na hutokea kwa wingi kuanzia Mei hadi Julai, wakati watoto wako nje kwa kaptula. Watu wengi waliougua Lyme hawakumbuki kabisa kuumwa na kupe. Waambie wazazi hivi waziwazi, kwa sababu mtu asiyekumbuka kuumwa hujiondoa mwenyewe kwenye orodha ya wanaoweza kuugua, na hata daktari akimuuliza hujibu hapana.

Kupe haruki wala hadondoki kutoka mitini. Hupanda juu ya jani au unyasi wa chini, hujishikilia kwa miguu ya nyuma, hunyoosha ya mbele na kungoja kitu kipite. Anayekutwa kichwani alianzia kwenye kifundo cha mguu, au alidandia pale mtoto alipokaa au kulala chini, kisha akapanda mwilini. Jambo hili lina maana kubwa kwa mavazi: ulinzi huanzia viatuni, si kwenye kofia.

Badala ya picha iliyokuzwa, fanya zoezi. Chukua kalamu ya wino mweusi yenye ncha nyembamba. Kabla wageni hawajaingia, weka nukta sita za ukubwa wa milimita moja kwenye mwili wa mtu mzima aliyejitolea: moja nyuma ya sikio, moja nyuma ya goti, moja katikati ya vidole vya mguu, moja penye mstari wa nywele shingoni, moja ndani ya kiwiko, moja juu kidogo ya soksi. Wape wazazi wawili dakika mbili wazitafute mbele ya wenzao. Kwa kawaida watazikosa kadhaa, na ukumbi mzima utaelewa papo hapo kwa nini kutazama juu juu hakutoshi. Usimtumie mtoto kwa zoezi hili. Si vizuri mwili wa mtoto kukaguliwa mbele ya watu.

Kisha onyesha ukaguzi wenyewe unavyofanywa. Taa kali, mtoto bila nguo bafuni, na mpangilio uleule kila siku ili usisahau mahali: utosini na kwenye nywele kwa ncha za vidole, nyuma na ndani ya masikio, shingoni, kwapani, kitovuni, kiunoni pale mpira wa nguo ya ndani unapokaa, kinenani, katikati ya makalio, nyuma ya magoti, katikati ya vidole. Vidole hugundua kile ambacho jicho hukikosa: kakipele kagumu kasikokuwapo jana. Kwa watoto kazia kichwa. Kama nywele zimesukwa, pitisha ncha ya kidole juu ya kila mstari kati ya suko na suko, na uangalie ukingo wa nywele kuzunguka uso na kisogoni. Mtoto aliyefika umri wa kuona haya afundishwe kujikagua mwenyewe kwa kioo cha mkononi, na mzazi amalizie kichwa na mgongo.

Adui wa kupe ni ukavu

Kupe huyu hana maji mengi ya kupoteza. Anahitaji hewa yenye unyevu mwingi, na akikaa juani penye nyasi fupi hukauka akafa. Ukilielewa hili, nusu ya ushauri wa kujikinga hauhitaji kukaririwa.

Mfano ni nguo. Watu huamini kwamba kufua kunamuua kupe. Maji ya baridi au ya uvuguvugu hayamuui. Ili kufua pekee kutoshe, maji yanatakiwa kuwa na joto la nyuzi 54 za Selsiasi au zaidi. Kinachomuua kwa uhakika ni mashine ya kukaushia nguo. Mtoto akirudi, nguo ziingizwe kwenye mashine zikiwa kavu, kabla ya kufuliwa, kwa joto la juu, dakika 10. Zikishalowa zitahitaji muda mrefu zaidi, kwa sababu joto la mwanzo lote huishia kuondoa maji. Kosa ambalo hufanyika majumbani ni kutupa suruali ya msituni kwenye kapu la nguo chafu au juu ya kitanda: kupe hushuka na kumfuata mtu mwingine kabisa.

Mwili nao uoge ndani ya saa mbili tangu kutoka nje. Kuoga humwondoa kupe ambaye bado anatembea akitafuta mahali, ingawa hakumng'oi aliyekwisha jishikiza. Faida yake kubwa ni kwamba ni wakati ambao mtu tayari amevua nguo, hivyo ukaguzi hauhitaji kupangiwa saa nyingine.

Uwanja wa shule na bustani za nyumbani hufuata kanuni ileile. Majani makavu yazolewe, nyasi zikatwe fupi, bembea na meza za kulia nje zisogezwe mbali na miti hadi penye jua. Kati ya nyasi na msitu wekeni ukanda wa vibanzi vya mbao au kokoto wenye upana wa sentimita 90. Ukanda huo ni mkavu, kupe huuvuka kwa taabu, na pia huwaonyesha watoto mpaka: ng'ambo ya hapa ni eneo la kupe. Kuni zipangwe vizuri mahali pakavu ili panya wasifanye makao.

Kampuni za kupulizia dawa uani zitatajwa na mtu, kwa hiyo jiandae. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha kaya zaidi ya 2,700 katika Connecticut, Maryland na New York, ulilinganisha ua zilizopuliziwa dawa ya kupe mara moja wakati wa machipuko na zile zilizopuliziwa maji matupu. Kupe walipungua kwa asilimia 63, lakini idadi ya watu waliowakuta kupe miilini na waliougua haikupungua kwa namna ya kutegemewa. Watu hawaishi uani tu, na kupe waliobaki wanatosha. Sisemi dawa haina kazi. Nasema aliyelipia dawa asiache kumkagua mwanawe.

Dawa za mwilini na za nguo

Hapa wazazi huchanganya vitu viwili tofauti. Pemethrini ya asilimia 0.5 ni ya nguo, viatu, soksi na mahema. Haipakwi kwenye ngozi hata kidogo. Inapuliziwa nje penye hewa, upande wa ndani na wa nje wa suruali hadi kitambaa kiwe na unyevunyevu, kisha inaachwa ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Kupe anayetembea juu yake hulegea na kuanguka. Kama mzazi ana chupa moja tu, aanze na viatu na soksi. Dawa iliyopuliziwa nyumbani hudumu kwa kufuliwa mara kadhaa, na kibandiko cha chupa ndicho cha kufuata. Nguo zilizotiwa dawa kiwandani hudumu zaidi sana. Pemethrini ikiwa bado majimaji ni sumu kali kwa paka, hivyo paka afungiwe mbali hadi kila kitu kikauke.

Za ngozini, za kumfukuza kupe, ni nyingine: DEET ya asilimia 20 hadi 30, pikaridini ya asilimia 20, IR3535, au mafuta ya mkaratusi-limau. Haya ya mwisho hayafai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili. Mtoto asijipake mwenyewe. Mzazi aweke mkononi mwake kisha ampake, akiepuka macho, mdomo na viganja vya mtoto, kwa sababu viganja huishia mdomoni. Kama kuna losheni ya kuzuia jua, hiyo itangulie. Na suruali ichomekwe ndani ya soksi. Haipendezi, watoto wakubwa watagoma, lakini humlazimisha kupe apande juu ya kitambaa badala ya ngozi.

Kumtoa kupe

Lete kibano halisi, chenye ncha nyembamba za kukutana, si kile cha nyusi chenye ncha pana. Kibano kipana humminya kupe tumboni. Mshike karibu kabisa na ngozi, pale kichwa kinapoingilia, kisha mvute juu polepole kwa nguvu isiyobadilika. Usimzungushe, usimkwanyue ghafla. Ngozi itainuka kidogo kama hema. Endelea kushikilia, ataachia. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kwa urahisi, kiache. Bakteria hawamo humo, ngozi itakisukuma nje yenyewe, na kuchimba kwa sindano huleta usaha bure. Osha mahali hapo na mikono kwa sabuni na maji, au spiriti.

Kiberiti, mafuta ya mgando, rangi ya kucha, petroli: hakuna hata kimoja. Nia ya watu ni kumfanya kupe aachie mwenyewe, lakini hilo huchukua muda ambao ndio hasa hatutaki kumpa, na kumsumbua kunaweza kumfanya ateme majimaji ndani ya jeraha. Asiye na kibano atumie vidole vilivyofunikwa kwa karatasi laini au glovu, leo, kuliko kungoja kesho anunue.

Usimponde kwa kucha. Mpige picha karibu na rula, mbandike kwenye karatasi kwa utepe wa gundi, andika tarehe, sehemu ya mwili, na kama alikuwa bapa au amevimba kwa damu. Karatasi hiyo ni ya thamani siku ya kumwona daktari. Kumpeleka kupe maabara apimwe kama ana bakteria hakusaidii uamuzi wa tiba: kupe mwenye bakteria huenda hakumwambukiza mtoto, na kupe safi hakuondoi uwezekano kwamba mwingine aliuma na hakuonekana.

Kuna kinga ya dozi moja ambayo wazazi wengi hawaijui. Ikiwa kupe ametambuliwa kuwa wa aina ya Ixodes, katika eneo lenye Lyme nyingi kama lenu, na inakadiriwa alikaa saa 36 au zaidi, daktari anaweza kutoa doksisaiklini mara moja tu: miligramu 200 kwa mtu mzima, au miligramu 4.4 kwa kila kilo ya mtoto bila kuzidi 200. Sharti itolewe ndani ya saa 72 tangu kupe kutolewa. Kwa hiyo mzazi aliyemtoa kupe aliyevimba Ijumaa usiku asisubiri hadi wiki ijayo. Apige simu Jumamosi.

Duara jekundu

Sasa lile la tatu. Ndiyo, kuna wekundu unaotanuka kwenye ngozi, na hutokea kwa takriban asilimia 70 hadi 80 ya wagonjwa. Maana yake wapo wengi wasioupata. Na wengi wanaoupata hawana ile picha maarufu ya shabaha, yenye pete na kitovu. Mara nyingi ni doa la rangi moja linalokua siku hadi siku, haliumi, haliwashi sana, pengine lina joto ukiligusa. Huanza kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, wastani kama siku 7, na huweza kufika sentimita 30 au zaidi. Kinyume chake, kauvimbe kadogo kanakotokea ndani ya siku mbili, chini ya sentimita 5, kanakowasha na kupotea, ni ngozi tu imekerwa na mate ya kupe.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Doa huweza kuonekana la kahawia iliyoiva, la zambarau, au kama jeraha la kugongwa. Picha za vitabuni karibu zote ni za ngozi nyeupe, na nchini Marekani tafiti zimeonyesha wagonjwa weusi hugunduliwa mara nyingi zaidi ugonjwa ukiwa umeshasambaa mwilini. Hili lazima liwe kwenye kipeperushi chako, na picha yake iwepo. Mfundishe mzazi njia ambayo haitegemei rangi: chora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wa doa, andika tarehe pembeni, piga picha. Kesho saa kama hiyo angalia tena. Likivuka mstari na kuendelea kuvuka kesho kutwa, mpeleke hospitali, iwe kulikuwa na kupe au la.

Wasio na doa huja na homa, uchovu mzito, kichwa, maumivu ya misuli na viungo katikati ya majira ya joto, bila kikohozi wala makamasi. Bila tiba, wiki zinazofuata huleta uso kupooza upande mmoja, shingo ngumu na kichwa kikali, maumivu yanayochoma kufuata mishipa ya fahamu, au moyo kwenda ovyo. Kuzirai, kizunguzungu au moyo kudunda vibaya kwa mtu aliyekuwa kwenye eneo la kupe ni safari ya dharura, kwa sababu umeme wa moyo unaweza kuzibwa. Miezi baadaye, goti huvimba sana, mara nyingi moja tu, na uvimbe ni mkubwa kuliko maumivu.

Kipimo cha damu kina mtego wake. Kinatafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Mtoto mwenye doa la siku tano akipimwa, majibu huweza kuwa hasi na bado ana Lyme. Ndiyo maana mwenye doa la wazi hutibiwa kwa kuonwa tu, bila kungoja maabara. Vilevile kingamwili hubaki damuni kwa miaka, kwa hiyo kupima tena baada ya tiba ili kuona kama umepona hakuambii kitu. Tiba ya hatua ya mwanzo kwa mtu mzima ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 10, au amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku 14. Wazazi wataogopa doksisaiklini kwa sababu ya meno ya watoto. Siku hizi wataalamu wa watoto Marekani wanaikubali kwa umri wowote ikiwa ni ya muda mfupi, isiyozidi siku 21. Dozi apange daktari, lakini ni vizuri mzazi asikatae dawa kwa hofu ya zamani.

Kupe huyo huyo hubeba mengine, na aya moja inatosha katika hotuba yako. Anaplazimosi huleta homa kali bila doa na hukubali doksisaiklini. Babesiosi ni kijidudu kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu, na chini ya hadubini hufanana na malaria; mgonjwa aliyewahi kusafiri nchi za malaria amtajie daktari safari hiyo na kupe vyote viwili. Hii haitibiki kwa doksisaiklini na ni hatari hasa kwa mtu asiye na wengu. Virusi vya Powassan ni nadra, lakini huweza kuingia ndani ya dakika 15, kwa hiyo kumtoa kupe mapema ni kinga ya pili. Ya kwanza ni asiume. Homa yoyote kali baada ya kuumwa na kupe wa aina yoyote isingoje, kwa sababu homa ya madoa ya Rocky Mountain, inayoletwa na kupe wengine, huua isipotibiwa katika siku za mwanzo.

Maneno ya ukurasa wenyewe

Ningeandika hivi, kwa herufi kubwa na picha mbili tu, ya kupe kwa ukubwa wake halisi na ya doa kwenye ngozi nyeusi na nyeupe: "Umetoka nje leo? Nguo kwenye mashine ya kukaushia, joto la juu, dakika 10. Oga ndani ya saa mbili. Kagua kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Ukimkuta kupe, mtoe sasa hivi kwa kibano, vuta juu bila kuzungusha, andika tarehe. Kama alikuwa amevimba kwa damu, piga simu kwa daktari ndani ya saa 72. Katika siku 30 zijazo, homa au doa linalotanuka, la rangi yoyote, mwone daktari na umtajie kupe. Uso ukipooza, goti likivimba au moyo ukienda ovyo, hata baadaye, usingoje." Nyuma ya karatasi weka mchoro wa mwili wa mtoto wenye alama za kukagua, wa kubandika mlangoni mwa bafu. Tafsiri zitafutwe kwa lugha zote za wazazi wa shule yenu.

Usiweke takwimu nyingi. Moja inatosha: inakadiriwa watu 476,000 hivi hugunduliwa na kutibiwa Lyme kila mwaka Marekani, idadi kubwa mara kadhaa kuliko wanaoripotiwa rasmi. Na usiwaambie watu wakae mbali na msitu. Hawatakaa, na shule yenu iko pembeni yake.

Kuhusu kutokuwa mtu wa afya, usijidharau. Ugonjwa huu ulijulikana Marekani kwa sababu ya akina mama. Mwaka 1975 Polly Murray, mkazi wa Lyme, Connecticut, pamoja na mama mwingine, waligoma kuamini kwamba watoto wengi wa eneo moja walipata ugonjwa wa viungo kwa bahati mbaya tu. Waliwaeleza maofisa wa afya, daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale akachunguza, na mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenzake wakachapisha habari za bakteria waliyemkuta ndani ya kupe. Aliyeanza alikuwa mzazi mwenye daftari.

Katika maswali, watakuuliza chanjo. Ilikuwepo moja ya binadamu, LYMErix, iliyoidhinishwa 1998 na kuondolewa sokoni na watengenezaji 2002. Za mbwa zipo, na mbwa anahitaji pia dawa ya kupe kila mwezi au kama daktari wa mifugo atakavyopanga, kwa sababu humleta kupe hadi kwenye kochi. Atasimama pia mzazi ambaye baada ya tiba bado ana uchovu, maumivu na akili nzito kwa miezi. Msikilize, usimbishie: hali hiyo ipo, hupata sehemu ndogo ya waliotibiwa, na wengi hupata nafuu polepole. Antibiotiki za miezi mingi zimejaribiwa katika tafiti na hazikuleta faida ya kudumu, ilhali ziliwadhuru wengine, hasa zile za kupitia mishipani. Anachohitaji ni daktari atakayetafuta pia sababu nyingine na kumsaidia kurudi katika shughuli zake hatua kwa hatua.

Ukipata nafasi, wiki moja kabla ya mkutano mwombe msimamizi wa uwanja mkaburure kitambaa cha kunasia kupe. Shuka jeupe la flaneli la mita moja kwa mita moja, kijiti upande wa mbele, kamba mbili. Kokoteni taratibu juu ya majani ya ukingo wa uwanja, siku kavu isiyo na upepo, na kila baada ya mita 10 ligeuzeni mkague. Mtakaopata watieni kwenye kichupa cha spiriti, na kichupa hicho kipitishwe mkono kwa mkono ukumbini. Msipopata hata mmoja, msitangaze kwamba uwanja ni salama; kitambaa hukosa wengi.

Na uombe kamati ikupe tarehe nyingine mwanzoni mwa Oktoba. Kupe waliokomaa hutoka wakati huo, huendelea hata siku za baridi ilimradi halijoto iko juu ya kuganda, na kufikia hapo wazazi wengi watakuwa wamekwisha weka kibano kabatini.